Albamu mbili, siku moja: Bifu la mashabiki wa Guns N' Roses ambalo halijaisha tangu 1991

Jamaa mwenye nywele nyeusi zilizojisokota anatoka kwenye kanisa dogo lililosimama peke yake jangwani, anasimama kwenye vumbi na kuliliza gitaa huku kamera ikimzunguka kutoka angani. Kama unashinda mtandaoni, hicho kipande umeshakutana nacho hata kama hujui ni cha nani. Jamaa anaitwa Slash. Wimbo ni "November Rain", karibu dakika 9 nzima, na mwaka 2018 video yake ikawa ya kwanza kati ya zile zilizotengenezwa kabla YouTube haijaanzishwa kutazamwa mara bilioni 1.

Wengi wanaishia hapo. Ila ukiingia ndani kidogo kwa mashabiki wenyewe wa bendi, utakuta wimbo huo umo kwenye mzigo ambao unawagombanisha mpaka leo. Kuna wanaoapa kwamba ndiyo kazi kubwa kuliko zote za roki ya miaka ya 90. Kuna wengine wanasema hapo ndipo Guns N' Roses ilipokufa. Na ukiwasikiliza vizuri, pande zote mbili zina hoja.

Vijana watano na albamu moja

Tuanzie Los Angeles, Marekani. Mwaka 1985 bendi ikapata wale vijana watano ambao mashabiki wakongwe wanawataja kama timu ya mpira: Axl Rose anaimba, Slash na Izzy Stradlin kwenye magitaa, Duff McKagan kwenye besi, Steven Adler kwenye dramu. Walikuwa hawana kitu. Wanalala popote, wanakula wanachopata, wanapiga kwenye vilabu vya usiku.

Julai 1987 wakaachia "Appetite for Destruction". Nyimbo 12, chini ya saa moja, chafu, za haraka, za mtaani. Haikulipuka siku ya kwanza kama watu wanavyodhani. Ilitambaa. Ilichukua zaidi ya mwaka mzima mpaka ikashika namba 1 Marekani, Agosti 1988. Baada ya hapo haikushikika tena. Leo imeshathibitishwa kuuza nakala milioni 18 Marekani peke yake.

Mwishoni mwa 1988 walitoa "G N' R Lies", lakini ile ilikuwa na nyimbo 8 tu, nusu yake za zamani. Mashabiki wakaihesabu kama kitu cha kupozea njaa. Albamu ya pili yenyewe ikabaki inasubiriwa, na kila mtu alikuwa na lake kichwani. Wengi walitaka kitu kimoja tu: ile ile ya kwanza, irudiwe.

Siku maduka yalipofunguliwa usiku wa manane

Septemba 17, 1991 jibu likaja, na halikuwa moja. Yalikuja mawili. "Use Your Illusion I" na "Use Your Illusion II", zote siku hiyo hiyo, zinauzwa kila moja peke yake. Jumla nyimbo 30. Muda wake wote ni zaidi ya saa 2 na nusu. Majalada yake yote mawili yalitumia picha moja, iliyochukuliwa kutoka kwenye mchoro wa zamani wa Raphael, tofauti ikiwa ni rangi tu: moja ya njano na nyekundu, nyingine ya buluu na zambarau.

Maduka ya Marekani yalifunguliwa usiku wa manane ili watu wanunue. Foleni zikawa ndefu. Wiki ile ya kwanza, ya pili iliuza takriban nakala 770,000 na ya kwanza takriban 685,000. Zikakaa namba 1 na namba 2 kwa pamoja, bendi ikishindana na bendi yenyewe.

Watu walipofika nyumbani na kubonyeza pleya, ndipo kelele zilipoanza. Ndani kulikuwa na kila kitu. Roki ya magitaa ipo. Blues ipo. Nyimbo za piano zipo. Kuna "Coma", dakika 10 bila kiitikio. Kuna "Estranged", zaidi ya dakika 9. Kuna wimbo wa Bob Dylan na wimbo wa Paul McCartney, wamevirudia kwa staili yao. "Don't Cry" imewekwa mara mbili, muziki ule ule, maneno tofauti, moja kila albamu. Kuna wimbo mmoja wa kuwatukana waandishi wa habari kwa majina yao. Na mwisho kabisa kuna "My World", kitu kama rap ya mashine, ambacho Axl alikirekodi bila wenzake kujua kwamba kitaingia.

Kambi tatu za mashabiki

Kambi ya kwanza ni ya wale wa "Appetite". Hawa wanasema pesa na umaarufu viliwaharibu vijana wao. Walitaka bendi ya mtaani, wakaletewa piano, waitikiaji na video zenye harusi za kifahari. Kwao dramu ndiyo kidonda kikubwa zaidi. Steven Adler alitimuliwa Julai 1990 kwa sababu ya unga, akaletwa Matt Sorum kutoka The Cult. Kwenye nyimbo zote 30, Adler anasikika kwenye "Civil War" peke yake. Mashabiki hawa wanasema Sorum anapiga kwa nguvu na kwa usahihi, ila ule mdundo wa Adler wa kuyumba kidogo, uliokuwa unakufanya utikise kichwa bila kupenda, ulikwenda na mwenyewe.

Kambi ya pili ni ya wanaosema hapo ndipo bendi ilipokua. Wanauliza, unataka mtu aimbe kuhusu kulala njaa huku ana mamilioni benki? Kwao "November Rain" na "Estranged" ni ushahidi kwamba Axl alikuwa na kichwa kikubwa kuliko vilabu alivyoanzia.

Kambi ya tatu ndiyo kubwa na ndiyo yenye makelele. Hawa hawachukii wala hawaabudu. Wanasema tu: ingekuwa albamu moja. Chukua nyimbo 12 bora, tupa zilizobaki, ungekuwa na albamu kali kuliko "Appetite".

Hoja tamu, mpaka umpe kila mtu kalamu. Mmoja anakata "Coma" kwa sababu ni ndefu, mwenzake anasema ukikata "Coma" usimsalimie tena. Mwingine anatoa nyimbo zote za Izzy, wa pembeni anasema hizo ndizo pekee zenye damu ya zamani. Watu kumi, orodha kumi. Wanachokubaliana wote ni kuitupa "My World".

Tena jambo hilo lilishajaribiwa. Kuna maduka makubwa ya Marekani yaliyogoma kuuza albamu hizo kwa sababu ya matusi. Mwaka 1998 yakatengenezewa CD moja, nyimbo 12 zisizo na matusi kutoka albamu zote mbili, jina "Use Your Illusion" tu. Iko wapi leo? Hakuna anayeilia. Hata wale wanaodai albamu moja hawaitaji ile.

Kitu ambacho wengi hawakijui

Kambi ya kwanza inaposema umaarufu ndio uliomtia Axl wazimu wa nyimbo ndefu za piano, kuna tatizo la tarehe.

"November Rain" haikutungwa 1991. Bendi ilishairekodi kwa majaribio mwaka 1986, mwaka mmoja kabla ya "Appetite" kutoka. Rekodi hizo zilitolewa rasmi 2018, unaweza kuzisikiliza mwenyewe: kijana asiye na hela, hana hata albamu moja sokoni, anaimba wimbo ule ule kwenye piano. "Don't Cry" nayo ni ya enzi zile zile, kati ya nyimbo zao za mwanzo kabisa. Hata "You Could Be Mine", ile iliyotumika kwenye filamu ya pili ya Terminator, mizizi yake iko huko.

Maana yake ni nini? Ile bendi ya mtaani ambayo mashabiki wanaililia ilikuwa na ndoto hizo kubwa tangu ikiwa haina kodi ya nyumba. Zilikuwa zimewekwa pembeni tu. Watu waliipenda nusu iliyotoka kwanza, wakadhani ndiyo yote.

Cha kuchekesha zaidi, hata 1991 ndoto hiyo haikutimia yote. Zile fidla unazozisikia kwenye "November Rain" ni za kinanda cha umeme, Axl mwenyewe akizipanga moja moja. Ilibidi kusubiri mpaka 2022, albamu zilipotolewa upya, ndipo wimbo ukarekodiwa na okestra halisi ya watu 50.

Axl na mtoto wa Zanzibar

Axl hakuficha kwamba Queen ilikuwa bendi aliyoipenda kupita kiasi. Freddie Mercury, aliyezaliwa Zanzibar Septemba 5, 1946, alishapita njia hiyo kabla. Mwaka 1975 alipoleta "Bohemian Rhapsody" ya karibu dakika 6, yenye opera katikati, aliambiwa redio hazitaipiga. Zikaipiga.

Freddie alifariki Novemba 24, 1991, miezi miwili tu baada ya "Use Your Illusion". Aprili 20, 1992 Wembley ikajaa watu kwa ajili ya kumuenzi. Guns N' Roses walipanda jukwaani, na baadaye Axl akaungana na Elton John na Queen kuimba "Bohemian Rhapsody" yenyewe. Kambi ya pili inaipenda sana siku hiyo. Kwao inaeleza kila kitu: huyu jamaa hakuwa anajaribu kuitengeneza "Appetite" ya pili, alikuwa anamfukuzia Freddie.

Bei iliyolipwa

Lakini kambi ya kwanza nayo ina karata yake, na ni nzito. Wao wanahesabu watu.

Adler alishaondoka kabla albamu haijaisha. Izzy Stradlin, mtunzi wa nyimbo nyingi za mwanzo na mtu mkimya wa bendi, alikuwa ameacha ulevi na unga. Kwenye ziara alisafiri na basi lake peke yake, mbali na wenzake. Julai 1991, karibu na St. Louis, Axl alimrukia shabiki mwenye kamera, kisha akaondoka jukwaani. Vurugu zikazuka, watu wakaumia. Shoo zilikuwa zinachelewa kwa masaa. Novemba 1991, wakati albamu bado ni za moto, Izzy akaaga.

Ziara ikaendelea hata baada ya yeye kuaga; yote kwa jumla ilikuwa Mei 1991 mpaka Julai 1993, shoo 190 na ushee kwenye nchi 27. Agosti 1992 huko Montreal, James Hetfield wa Metallica aliungua na moto wa jukwaani, Guns N' Roses wakapanda wakiwa wamechelewa, Axl akakatisha mapema, mji ukawaka tena. Shoo ya mwisho ilikuwa Buenos Aires, Julai 17, 1993. Slash hakusimama tena jukwaa moja na Axl mpaka 2016. Albamu mpya ya nyimbo zao wenyewe ilikuja 2008, miaka 17 baadaye, na kati ya wale watano wa mwanzo alibaki Axl peke yake.

Na nje ya bendi, dunia haikusubiri. Septemba 24, 1991, wiki moja kamili baada ya siku ile ya foleni, Nirvana wakaachia "Nevermind". Nyimbo fupi, jinzi zilizochanika, hakuna piano wala harusi. Januari 1992 ikashika namba 1. Vijana waliokuwa wanatafuta hasira ya "Appetite" wakaipata kwa watu wengine kabisa.

Sasa nani yuko sahihi?

Ukiweka yote mezani, ule ugomvi wa albamu moja au mbili unaanza kuonekana mdogo. Nyimbo 30 hazikumfukuza Izzy. Kilichomchosha ni kwamba bendi ya watu watano ilikuwa inageuka kuwa ndoto ya mtu mmoja, na hao wengine wanamsubiri afike. Ndoto ilikuwa ya kweli, ya zamani, na ilileta nyimbo ambazo watoto waliozaliwa miaka 15 baadaye wanazilia. Ila haikuwa ya wote watano, na hakuna aliyekaa chini na mwenzake kulizungumza hilo mapema.

Ndiyo maana shabiki wa "Appetite" na shabiki wa "November Rain" wanaweza kubishana mpaka asubuhi bila kupatana. Mmoja anaongelea marafiki watano aliowapoteza. Mwingine anaongelea wimbo alioupata. Wote wanaongelea siku ile ile ya Septemba.

Wewe uko kambi gani? Na kama ungepewa kalamu, nyimbo zako 12 ni zipi? Shusha orodha yako hapo chini, ila jiandae, kuna mtu atakuuliza "Coma" umeipeleka wapi.