Kuku Wangapi, na wa Nani?

Vifaranga wangu wa kwanza walifika Lodwar na basi la usiku kutoka Kitale. Walikuwa hamsini, ndani ya katoni yenye matundu, chini ya kiti cha konda. Niliwapakia kwa boda hadi nyumbani nikijiona mkulima kabisa. Kufikia saa tisa alasiri, thelathini na mmoja walikuwa wamekufa.

Sikuwanyima maji wala chakula. Nilifanya kila kitu video ilichosema. Kifaranga wa siku moja anataka joto la nyuzi 32 hadi 35 wiki ya kwanza, na jamaa wa kwenye video, aliyekuwa Limuru amevaa sweta na kofia ya sufu, alisisitiza: washa jiko la makaa kwenye bruda, usiache lizime. Nikawasha. Ndani ya kibanda cha mabati, Lodwar, saa sita mchana, wakati nje kivulini palikuwa na joto lile lile ambalo kifaranga anaomba. Kwa ufupi, niliwachoma.

Kibaya zaidi ni pesa zilikotoka. Mama alikuwa ameuza mbuzi wawili ili nirudi chuo kumalizia mwaka wa pili. Mimi nilikuwa nimeshaacha chuo moyoni kabla mbuzi hawajafika sokoni, na sikusema. Niliona nikimwonyesha kuku mia mbili kufikia mwisho wa mwaka, hatauliza tena habari ya masomo. Jioni hiyo alinikuta nikichimba shimo nyuma ya kibanda. Hakuuliza kitu. Alichukua jembe akanisaidia.

Siku hizi rafiki zangu wa Nairobi, wale walio na kauwanja kadogo nyuma ya nyumba, huniuliza: nianze na kuku wangapi, na wa aina gani? Wanatarajia namba moja na jina moja. Namba ninayo na jina ninalo, na nitavitoa. Lakini niliwapata baada ya kutafuta jibu la swali jingine: huyu kuku alitoka wapi, na nani alimtengeneza akimfikiria nani?

Tuanze mbali. Kuku wa kufugwa anatokana na kuku-mwitu mwekundu wa misitu ya kusini-mashariki mwa Asia. Utafiti uliochapishwa 2022 unaiweka mifupa ya zamani zaidi ya kuku wa kufugwa inayojulikana huko Thailand ya kati, kati ya mwaka 1650 na 1250 kabla ya Kristo. Watu walipoanza kulima mpunga na mtama, nafaka zilizomwagika ziliwavuta ndege watoke msituni. Kwa maneno mengine, kuku alikuja kwa mtu ambaye tayari amekaa mahali, ana shamba na ana ghala.

Kutoka huko alisafiri kwa majahazi na misafara. Kaskazini mwa Ethiopia, mahali paitwapo Mezber, imechimbuliwa mifupa ya kuku yenye zaidi ya miaka 2,500. Pwani yetu alifika kwa Bahari ya Hindi, na ushahidi bado unatembea: kuku aina ya kuchi wa Lamu, mrefu, shingo wima, mgomvi, ana undugu wa damu na kuku wa kupiganishwa wa Asia. Wakulima wa bara wakamchukua wakaenda naye, na jina lake linafanana katika lugha nyingi za Kibantu.

Huku kwetu hakukaa. Nilimuuliza nyanya yangu kwa nini boma la baba yake lilikuwa na ngamia, ng'ombe, mbuzi, kondoo na punda, lakini kuku hakuna. Aliniangalia kama mtu aliyeulizwa kwa nini samaki hapandi mti. "Huyo kuku," akasema, "mkihama, anahama vipi?"

Sasa hilo jibu ni historia nzima ya Turkana kwa sentensi moja. Mfugo wa hapa lazima ajue kutembea. Mvua ya Lodwar ni kama milimita 200 tu kwa mwaka, na haina adabu: inanyesha hapa leo, mwaka kesho kwingine. Anayeifuata kwa miguu anaishi. Mnyama anayelala bandani kila jioni na kutaka kumwagiwa nafaka ni mzigo. Hata mahari hayamtambui: utatoa mbuzi, ng'ombe, ngamia, lakini hebu jaribu kupeleka jogoo uone.

Kilichomleta kuku ni watu kukaa, na wengi hawakukaa kwa kupenda. Ukame wa 1979 hadi 1981, ambao wazee wanauita Lopiar, uliambatana na magonjwa ya mifugo na uvamizi, ukafagia maboma. Nyanya aliingia kambi ya chakula cha msaada akiwa na watoto wawili na hana hata mbuzi mmoja. Maelfu waliofika kambini hawakurudi tena kuhamahama. Mwaka 1992 ikafunguliwa kambi ya Kakuma, kwanza kwa vijana waliotembea kutoka Sudan, kisha Waethiopia, Wasomali, Wakongo na wengine. Mwaka 2013 Lodwar ikawa makao makuu ya kaunti: ofisi, hoteli, mishahara, na watu wanaotaka mayai asubuhi. Kuku akafuata kila hatua.

Lakini alikuja na tabia moja ambayo Turkana inaijua vizuri: ushauri kutoka mahali pengine, na kwa idadi kubwa. Huku huku Turkana, Kalokol, kuna jengo kubwa ambalo kila mtoto wa huku amelisikia. Norway iliona wafugaji waliopoteza mifugo wanaweza kuwa wavuvi, ikajenga kiwanda cha kugandisha samaki kilichokamilika mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kugandisha samaki kwenye joto hili kulitaka umeme na maji safi kuliko vilivyokuwepo, hivyo mitambo ikafanya kazi kwa muda mfupi tu. Kisha ziwa likarudi nyuma na Ghuba ya Ferguson, iliyokuwa na samaki wengi, ikakauka. Oktoba 1990 Kenya ikavunja uhusiano wa kibalozi na Norway na wafadhili wakaondoka. Jengo likabaki, likawa ghala la samaki wakavu, yaani kazi ambayo jua la Turkana lilikuwa likiifanya bure tangu zamani.

Nilicheka kiwanda hicho nikiwa shule ya msingi. Miaka mingi baadaye nikawasha jiko la Limuru ndani ya mabati ya Lodwar.

Basi tuje kwenye aina. Kila aina ya kuku ina kwao. Rhode Island Red, yule mwekundu anayesifiwa kila mahali, alitengenezwa na wakulima wa Rhode Island na Massachusetts, Marekani, karne ya 19, sehemu yenye theluji. Broila wa leo ni mtoto wa mashindano: mwaka 1948, Georgetown, Delaware, Wamarekani walishindanisha wafugaji kumtafuta kuku wa kesho, mwenye kifua kinene na anayekua haraka. Akapatikana. Siku hizi analiwa akiwa na wiki sita, na joto likizidi anakufa wa kwanza, maana mwili wake ni tanuri. Leya wa kisasa hutaga mayai karibu 300 kwa mwaka, mradi umpe chakula cha dukani kila siku. Chakula hicho kikifika Lodwar kwa lori kutoka Kitale, karibu kilomita 300, kila gunia limeshaongezewa bei ya barabara.

Serikali nayo ilijaribu kumrekebisha kienyeji. Kuanzia 1976, kwa msaada wa Uholanzi, kulikuwa na mpango wa kubadilishana majogoo: unatoa jogoo wako wa kienyeji, unapewa wa kigeni, ili vifaranga wawe wakubwa. Baadaye watafiti wa KARI, ambayo leo ni KALRO, wakatoa kienyeji aliyeboreshwa. Kutoka India akaja Kuroiler, aliyetengenezwa na kampuni ya Keggfarms miaka ya 1990 kwa ajili ya familia za vijijini. Hawa ni kuku wazuri, sitawadharau. Wanakua haraka na wanataga mara kadhaa zaidi ya kienyeji wa kawaida, ambaye mara nyingi huishia mayai 40 hadi 60 kwa mwaka.

Lakini kuna kitu muuzaji hakuniambia. Wengi wao hawalalii mayai. Walipochaguliwa kizazi baada ya kizazi wawe wa kutaga, hamu ya kuatamia ilipungua, maana kuku anayeatamia hatagi. Mwenye mashine ya kutotolea wala hajali. Mimi sikuwa na mashine. Kila nikitaka vifaranga, narudi kwa yule yule muuzaji, basi lile lile, katoni ile ile. Kuku asiyelalia mayai ana tajiri wake, na si wewe.

Niligundua hilo kwa njia ngumu. Kati ya vifaranga kumi na tisa waliobaki, kumi na watano walikufa mwezi wa tatu. Kinyesi cha kijani, shingo zimepinda, mabawa chini. Ni Newcastle, ugonjwa uliopewa jina la mji wa Uingereza ulikotambuliwa mwaka 1926, na ambao ulikuwa umeshafika Kenya miaka ya 1930. Chanjo ipo. Nilikuwa nimeenda kuinunua nikarudi mikono mitupu, kwa sababu chupa moja hutosha kuku mia au zaidi, inataka baridi njia nzima, na ukishaichanganya lazima uitumie ndani ya saa moja au mbili. Kwa kuku kumi na tisa niliona ni hasara. Haya, hasara nikaiona.

Nikabaki na majike watatu na jogoo mmoja. Mbuzi wawili wa mama walikuwa wamegeuka kuku wanne.

Ndipo jirani yetu, mama anayeuza ugali stendi, akaniuzia jike wake mmoja. Mbaya wa sura, kishingo: shingo tupu bila manyoya kama amevuliwa skafu. Nilidhani ananifanyia huruma. Kumbe hiyo shingo ndiyo mali. Kuku wa kishingo ana manyoya machache mwili mzima, joto linapata pa kutokea, na anaendelea kula mchana wakati wenzake wanahema mdomo wazi. Nikamwekea mayai kumi na mawili ya wale majike watatu wasiojua kulalia. Akakaa siku 21 kwenye karai lenye mchanga, chini ya mti wa mathenge, akitoka mara moja tu kwa siku. Akaangua tisa. Hakuna jiko lililowashwa.

Kwa hiyo jibu langu kwa anayeanza ni hili. Majike watano na jogoo mmoja. Kama unataka mayai tu ya kula na uko plotini Nairobi, majike watatu wa leya wanatosha, na jogoo humhitaji: kuku hutaga bila yeye, na jirani atalala. Lakini kama unataka kundi lijijaze lenyewe, angalau wawili kati ya watano wawe kienyeji halisi wanaolalia, na kama uko sehemu ya joto, tafuta kishingo. Wote watano wakilalia, kila jike akaangua vifaranga wanane na nusu wakafa, bado una ishirini ambao hukununua. Kabla ya kuwaleta, zungumza na majirani kuhusu chanjo. Sisi sasa tuko nyumba saba, tunachanga chupa moja, tunachanja asubuhi moja kabla jua halijapanda. Namba sahihi ya kuku ni ile ambayo ikifa yote leo, kesho bado unaweza kumwangalia mama yako usoni.

Soko nilipata Kakuma. Wenye hoteli za Kiethiopia wanataka kienyeji kwa doro wot, mchuzi wa kuku na mayai ya kuchemsha. Waorthodoksi hufunga siku 55 kabla ya Pasaka yao, hawagusi nyama wala yai, kisha siku ya Fasika kila nyumba inataka kuku. Siku hizi napanga kuangua kwa kalenda yao. Pasaka iliyopita niliuza kumi na wanne, nikanunua mbuzi mmoja, nikamfunga mlangoni kwa mama. Ndipo nikamwambia kuhusu chuo. "Nilijua siku ya shimo," akasema. "Bado mmoja."

Nyanya bado hali kuku. Anasema ni ndege. Lakini jioni naona anakaa karibu na lile karai, anafukuza mwewe kwa fimbo. Juzi nilimkuta hapo na vifaranga wapya wamemzunguka miguuni, nikauliza kwa furaha, "Nyanya, wametoka wangapi?"

Akanikata kwa jicho. Mifugo haihesabiwi kwa sauti.