Machotara wa Usumbura: Baba Aliyefichwa na Karatasi

Mwaka 1205 Joan, binti wa nje ya ndoa wa Mfalme John wa Uingereza, aliozwa Llywelyn, mtawala wa kaskazini ya Wales. Baba yake hana utata. Mama yake amebaki jina tu, Clemencia, kwenye kumbukumbu za watawa wa Tewkesbury. Kwetu Usumbura, Bujumbura ya leo, zama za Mbelgiji mambo yalikuwa kinyume: mama alijulikana mtaa mzima, baba akafichwa.

Baba huyo mara nyingi alikuwa mtumishi wa serikali au mfanyabiashara wa Kizungu. Serikali iliwaogopa machotara, ikiwaona hatari kwa mpaka wake kati ya Mweupe na Mweusi. Ikawachukua watoto wadogo kwa mama zao, ikawaita yatima hali mama wapo hai. Wengi wa Ruanda-Urundi walipelekwa Save, kusini mwa Rwanda, kwa masista wa misheni. Uhuru ulipokaribia, takriban watoto 300 wa Save walisafirishwa hadi Ubelgiji. Huko ndugu wa tumbo moja waligawanywa kwa familia mbalimbali, na wengine wakabadilishwa majina na tarehe za kuzaliwa.

Hapo ndipo mtafutaji wa ukoo anapokwama. Cheti kinasema baba hajulikani. Lakini barua za maofisa wenyewe kwa wenyewe mara nyingi zinamtaja, maana mkoloni aliandika kila kitu, hata aibu yake. Ndiyo maana Nyaraka za Taifa za Ubelgiji zilipoanza kuyakusanya majalada yenye barua hizo, wazee wenye mvi walipata kusoma majina ya baba zao kwa mara ya kwanza.

Tarehe 4 Aprili 2019 Waziri Mkuu wa Ubelgiji wakati huo, Charles Michel, aliomba radhi bungeni kwa unyang'anyi huo. Radhi haikutosha. Wanawake watano machotara waliozaliwa Kongo waliishtaki serikali ya Ubelgiji, wakashindwa mahakamani mwaka 2021. Wakakata rufaa, na tarehe 2 Desemba 2024 mahakama ya rufaa ya Brussels ikaamua kwamba kunyang'anywa kwao kulikuwa uhalifu dhidi ya ubinadamu. Kila mmoja aliamriwa kulipwa euro 50,000.

Majalada ya Brussels yanaweza kumpa mtu baba. Shangazi, binamu na kaburi la bibi havimo humo. Vimo vichwani mwa wazee wa mtaa wa Buyenzi na wa vilimani. Kama nyumbani kwenu yuko bibi anayemkumbuka mama aliyenyang'anywa mtoto, muulize jina la mama huyo na kilima chake, uyaandike leo.