Mwenye Mtambo Ni Nani?



Televisheni ilianza Kinshasa mwaka 1966. Mtambo ulikuwa wa serikali peke yake, hata habari za jioni zilifunguliwa kwa sura ya Mobutu ikishuka toka mawinguni! Chama kimoja kilipokwisha mwaka 1990, vituo vya watu binafsi vikazaliwa, maana mtambo mdogo wa FM hauhitaji hazina ya taifa.

Kwa jirani zetu Rwanda, redio ya namna hiyo, RTLM, ilianza Julai 1993. Katika mauaji ya 1994 ilitaja watu kwa majina, wakawindwa. Lakini ilikuwa na wenyewe. Mwanzilishi wake mmoja, Ferdinand Nahimana, alihukumiwa Arusha mwaka 2003. Rufaa ya 2007 ikampa miaka 30.

Leo simu ni redio na televisheni pia. Usiku sauti inaingia: adui amefika, kimbieni. Imepita mikono mingi, haina jina. Mama anabeba watoto, shamba linabaki. Sheria imshike nani?

Chifu akiletewa sauti hiyo, aulize: nani alikutumia, naye aliipata kwa nani? Jibu likikosekana, ampigie chifu wa kule kabla watu hawajafunga mizigo.