Milimita 1.3 zilizoitia ukungu Hubble

Aprili 24, 1990, chombo cha Discovery kiliruka kutoka Florida kikiwa na darubini ya Hubble, mradi uliokwisha kula takriban dola bilioni 1.5. Juni 27 mwaka huohuo, NASA ilibidi itangaze kwamba darubini hiyo haioni sawasawa.

Kasoro ilikuwa kwenye kioo kikuu chenye kipenyo cha mita 2.4. Mwanga uliopiga ukingoni haukukutana mahali pamoja na ule uliopiga karibu na katikati, hivyo kila nyota ikazungukwa na ukungu. Ukingo ulikuwa umesagwa kupita kiasi kwa mikromita 2.2 hivi, unywele ni mnene kuliko hapo mara nyingi.

Kioo kilisuguliwa na kampuni ya Perkin-Elmer huko Danbury, Connecticut. Kifaa cha kukipimia kilipangwa kwa fimbo yenye kifuniko kilichopakwa rangi nyeusi. Rangi ilibanduka kidogo, mwale wa leza wa kupimia ukarudi kutoka kwenye kifuniko badala ya ncha ya fimbo. Kwa kipimo hicho cha uongo, lenzi ya kifaa hicho ilitakiwa ishuke kuliko kilivyoruhusu. Mafundi wakachomeka washa za kawaida, kazi ikaendelea, lenzi ikiwa milimita 1.3 nje ya nafasi yake.

Rangi kubanduka ni ajali tu. Lisilosameheka ni kwamba vipimo vingine viwili vilionyesha kasoro, vikapuuzwa kwa sababu kifaa hicho kikuu ndicho kilichoaminiwa.

Bahati njema, kifaa hicho kilikuwa bado kiwandani. Kamati ya uchunguzi ya Lew Allen ilikipima, na kasoro ikishajulikana kwa hesabu, kinyume chake kinaweza kutengenezwa. Mhandisi Jim Crocker, akiwa hotelini Ujerumani, alitazama bomba la kuogea linalopanda na kushuka kwenye fimbo yake, akawaza vioo vidogo kwenye mikono inayokunjuka. Ndivyo ilivyozaliwa COSTAR, seti ya vioo vya kurekebisha kasoro hiyo.

Desemba 1993, wanaanga Kathryn Thornton na Tom Akers waliipachika angani. Kamera mpya, WFPC2, ilikuja na marekebisho yake ndani. Januari 1994 dunia ikaoneshwa galaksi ya M100, mikono yake ikiwa wazi kabisa.

COSTAR iling'olewa mwaka 2009, maana vifaa vyote vipya vilikuwa vimeundwa kujirekebisha vyenyewe. Kioo kikuu hakijawahi kuguswa.