UZI: DNA haijui mpaka

Tangu ule msasa maalum wa vitambulisho kwa kaunti za mpakani utangazwe kuondolewa mwaka 2025, kila mjadala wa Kaskazini Mashariki una mtu wa kusema: "Si wapimwe tu DNA tujue Mkenya ni nani?" Jibu fupi: haiwezekani. Jibu refu ni historia, na mimi nasomea siasa, kwa hivyo nivumilieni.

Alama za DNA ziligunduliwa 1984 na Alec Jeffreys huko Leicester, Uingereza. Kazi yake ya kwanza haikuwa kushika wauaji. Ilikuwa kesi ya uhamiaji, 1985: mvulana aliyetoka Ghana alizuiwa kuingia Uingereza, maafisa wakidai si mtoto wa yule mama. Kipimo kikaonyesha ni wake. Lakini angalia swali lililojibiwa: huyu ni mtoto wa huyu? Basi. Uraia uliamuliwa na sheria.

Kipimo cha aina hiyo hata leo husoma sehemu chache tu, kama 20 hivi. Kusoma DNA yote ya binadamu, herufi kama bilioni 3, kulikuwa mradi wa kimataifa ulioanza 1990 ukatangazwa kukamilika 2003. Na hata ukizisoma zote, hakuna mahali pameandikwa Kenya.

Kuna waliojaribu lakini. Mwaka 2009 idara ya uhamiaji ya Uingereza ilianza majaribio ya kutumia DNA kubaini kama waombaji hifadhi waliosema ni wa Somalia ni wa huko kweli ama wametoka nchi jirani, Kenya ikiwemo. Wanasayansi walikuja juu, Jeffreys mwenyewe akiwa mmoja wao, na mradi ukatupwa. Ungefanya kazi vipi? Kismayu ilikuwa sehemu ya koloni ya Kenya hadi 1925, Waingereza walipoikabidhi Jubaland kwa Italia. Damu ya mtu haikubadilika siku hiyo. Ilibadilika ramani.

Sasa turudi Garissa. Mwaka 1989 serikali iliamuru Wakenya Wasomali wajitokeze wakaguliwe: ukoo gani, mbari gani, babu alizikwa wapi. Waliopita walipewa kadi ya rangi ya waridi, juu ya kitambulisho walichokuwa nacho tayari! Halafu 1991 kambi za Dadaab zikafunguliwa. Ukame ulipobana, Wakenya wengi walijiandikisha huko kama wakimbizi wapate chakula, wakapigwa alama za vidole. Watoto wao walipofika miaka 18 na kwenda kuchukua kipande, mashine ikasema: wewe ni mkimbizi. Mashine haikukosea vidole. Ilikosea maana yake, na maelfu wakakosa kipande, yaani hakuna kura, hakuna benki, na kwenye vizuizi vya barabarani ni kuteremshwa basi.

DNA nayo ilifika kwa wakimbizi. Mwaka 2008 Marekani ilipima familia zilizoomba kuungana na jamaa zao, ikianzia Nairobi, wengi wakiwa Wasomali na Waethiopia. Uhusiano wote uliodaiwa ulithibitishwa katika chini ya asilimia 20 ya kesi, na programu ikasimamishwa hadi 2012. Udanganyifu ulikuwepo, tusijidanganye. Ila waliokataa kupimwa pia walihesabiwa humo, na kipimo hakimjui yatima uliyemlea tangu vita vilipomuua mamake.

Halafu ikaja 2018. Sheria ya usajili wa watu ilirekebishwa kimyakimya ndani ya mswada wa marekebisho mengi, ikaruhusu kukusanya DNA, hata umbo la ndewe za sikio (ndiyo, za sikio). Kundi la kutetea haki za Wanubi lilienda kortini pamoja na wengine, na Januari 30, 2020 Mahakama Kuu ikaamua kwamba kukusanya DNA kwa usajili huo kunakiuka katiba.

Mimi sipingi DNA. Baada ya shambulizi la Chuo Kikuu cha Garissa, Aprili 2, 2015, watu 148 waliuawa, na miili ikapelekwa Chiromo, Nairobi. Pale sura na vidole havikutosha, sampuli za wazazi zilisaidia kuwapa watoto wao wazike. Hapo swali lilikuwa lile lile la 1985.

Kwa hivyo ukitaka kupima, soma kwanza kifungu cha 14 cha Katiba ya 2010. Raia wa kuzaliwa ni yule ambaye mama au baba yake ni raia. DNA itakuonyesha mama. Haitakuonyesha kama mama ni raia, na kama yeye mwenyewe alinyimwa kipande 1989, utampima nani? Kifungu hicho hicho kinasema mtoto aliyeokotwa Kenya, anayeonekana hajafika miaka 8 na wazazi wake hawajulikani, anachukuliwa kuwa raia wa kuzaliwa. Huyo hana hata mtu wa kulinganishwa naye.