Sanduku la Vitabu Mwambao wa Mweru

Kusoma na kuandika kulifika Ziwa Mweru mikononi mwa wamisionari. Upande wa Kongo, Dan Crawford alijikita Luanza. Upande ambao leo ni Zambia, London Missionary Society ilifungua kituo cha Mbereshi mwaka 1900, na mwaka 1915 akaja Mabel Shaw, aliyeanzisha hapo shule ya bweni ya wasichana. Vitabu vilikuwa vichache na vingi vyake vilikuwa vya dini, lakini mtu alisoma kwa lugha aliyoielewa. Mwaka 1936 serikali ya kikoloni ilianza kutoa gazeti la Mutende, Kibemba kikiwa miongoni mwa lugha zake, na mwishoni mwa miaka ya 1940 ikaunda ofisi ya kuchapisha vitabu kwa lugha za wenyeji.

Maktaba ya umma ilichelewa. Huduma ya Maktaba ya Zambia ilianzishwa mwaka 1962, nchi ikiwa bado Rhodesia ya Kaskazini, kwa msaada wa Ford Foundation. Mpango wake ulikuwa wa busara sana: makao makuu Lusaka, matawi mikoani, la Luapula likiwa Mansa, kisha vitabu vikatumwa kwa masanduku mpaka shule za vijijini. Sanduku lilipofika, mwalimu ndiye alikuwa mkutubi. Yeye alitunza vitabu, akaandika majina ya walioazima, na muda ulipoisha alikusanya vyote vikabadilishwe. Kwa wilaya ya mwambao kama Nchelenge, yenye visiwa vya Chisenga na Kilwa vinavyofikiwa kwa mtumbwi, sioni njia iliyofaa zaidi.

Kasoro ilikuwa ndani ya sanduku. Sheria ya elimu ya mwaka 1966 ilikipa Kiingereza nafasi ya kufundishia tangu darasa la kwanza, na vitabu vikafuata mkondo huo. Mama aliyejifunza kusoma kwa Kibemba kanisani angefanya nini na hadithi ya Kiingereza?

Tanzania, wakati huohuo, ilishika njia nyingine. Mradi wa elimu ya watu wazima ulioungwa mkono na UNESCO ulianza mwaka 1968 katika mikoa ya Ziwa Victoria. Vitabu vya kisomo vilihusu kazi ya msomaji mwenyewe: pamba, ndizi, uvuvi. Maktaba za vijijini na gazeti la Elimu Haina Mwisho, vyote kwa Kiswahili, vilimpa cha kusoma baada ya darasa ili asisahau. Wasiojua kusoma walikuwa asilimia 67 mwaka 1967. Kufikia 1975 walikuwa 39. Ni kweli Tanzania ilikuwa na lugha moja ya kuegemea, na Zambia hufundisha lugha saba za wenyeji shuleni. Hata hivyo, wingi wa lugha si sababu ya kuziacha nje ya maktaba.

Hilo limethibitishwa na Lubuto, shirika lililofungua maktaba yake ya kwanza Lusaka mwaka 2007 kwa ajili ya watoto wa mazingira magumu. Lilitayarisha masomo ya kusoma kwa kompyuta, 100 kwa kila lugha kati ya zile saba. Mtaala wa 2013 nao ukarudisha lugha za wenyeji katika madarasa manne ya mwanzo.

Nchelenge ina jambo la ziada. Tangu 2018 makazi ya Mantapala yanahifadhi wakimbizi kutoka Kongo, wengi wao wazungumzaji wa Kiswahili, ambao watoto wao wanakutana na Kibemba na Kiingereza kwa mpigo. Darasa la lugha ndani ya maktaba, Mkongo na mwenyeji wakifundishana, lingewafaa wote.

Nafasi ipo. Kila mwaka, kuanzia Desemba hadi mwisho wa Februari, uvuvi wa Mweru hufungwa ili samaki wazaliane, na wavuvi hubaki nyumbani miezi mitatu. Wanaopanga bajeti ya maktaba Mansa na Lusaka waitumie miezi hiyo: wapeleke Chisenga vitabu vya Kibemba, wapeleke Mantapala vya Kiswahili, na mwalimu anayevisimamia alipwe kwa kazi hiyo.