Ifahamu Komoro: Ardhi, Watu, Uchumi na Utawala wa Nchi ya Visiwa

Umoja wa Komoro ni nchi ya visiwa iliyopo katika Bahari ya Hindi, kwenye lango la kaskazini la Mlango-Bahari wa Msumbiji, kati ya pwani ya Msumbiji na kisiwa cha Madagaska. Ni jirani wa Tanzania kwa upande wa kusini-mashariki. Ilipata uhuru kutoka kwa Ufaransa tarehe 6 Julai 1975. Tangu siku hiyo, suala kubwa la kitaifa limekuwa ni namna ya kuviweka pamoja visiwa vinavyotenganishwa na bahari, vyenye ukubwa na hali tofauti za maisha.

Jiografia

Visiwa vikuu vya funguvisiwa hilo ni vinne: Ngazija, Nzuwani, Mwali na Maore. Vitatu vya kwanza vinatawaliwa na Serikali ya Komoro na vina eneo la takriban kilomita za mraba 1,860. Maore, ambacho Wafaransa hukiita Mayotte, kipo chini ya utawala wa Ufaransa, ingawa Komoro inakidai kuwa sehemu ya ardhi yake.

Visiwa vyote vilitokana na volkano. Ngazija ndicho kikubwa zaidi, na ndipo ulipo mji mkuu, Moroni, pamoja na Mlima Karthala wenye urefu wa mita 2,361. Karthala ni volkano hai. Mwaka 1977 lava yake iliharibu kijiji cha Singani, na milipuko ya mwaka 2005 ilimwaga majivu yaliyochafua matangi ya maji ya wananchi.

Uharibifu wa matangi ulikuwa pigo kubwa kwa sababu Ngazija haina mito ya kudumu. Mvua hunyesha kwa wingi, lakini maji hupenya haraka katika miamba yenye vinyweleo, hivyo kaya nyingi hutegemea maji ya mvua yaliyohifadhiwa. Nzuwani, ambako ipo miji ya Mutsamudu na Domoni, ina milima mikali na idadi kubwa ya watu ikilinganishwa na ardhi yake. Mito yake mingi imekauka kadiri misitu ilivyokatwa. Mwali, kisiwa kidogo kuliko vyote, bado kina misitu na hifadhi ya bahari iliyoanzishwa mwaka 2001, ambako kasa hutaga mayai katika fukwe za Itsamia.

Watu

Sensa ya mwaka 2017 ilihesabu watu wapatao 758,000 katika visiwa vitatu. Wakomoro wana asili ya Wabantu, Waarabu, Wamalagasi na Waajemi, na karibu wote ni Waislamu wa madhehebu ya Sunni wanaofuata mafundisho ya Imamu Shafii. Lugha rasmi ni Kikomoro, Kifaransa na Kiarabu. Kikomoro ni lugha ya Kibantu iliyo katika kundi moja na Kiswahili, na kila kisiwa kina lahaja yake.

Jamii ya Ngazija ina utaratibu wa kurithi kupitia ukoo wa mama. Ardhi ya ukoo, iitwayo manyahuli, hupita kutoka kwa mama kwenda kwa binti, na mume huhamia katika nyumba ya mkewe. Katika kisiwa hicho, mwanamume hupata hadhi kamili na haki ya kusikilizwa katika baraza la mji baada ya kutimiza ndoa kuu, iitwayo anda. Sherehe zake hugharimu fedha nyingi, na familia huweza kujiandaa kwa miaka kadhaa.

Uchumi

Mazao makuu yanayouzwa nje ni matatu: vanila, karafuu na mafuta ya mlangilangi. Maua ya mlangilangi hukenekwa kwa mvuke ili kupata mafuta yatumikayo kutengeneza manukato, na Komoro imekuwa miongoni mwa wazalishaji wakuu wa mafuta hayo duniani. Hata hivyo, ukenekaji huo hutumia kuni nyingi. Huko Nzuwani, hitaji hilo ni miongoni mwa sababu za kupungua kwa misitu inayolinda vyanzo vya maji. Kwa hiyo zao linaloingiza fedha za kigeni linachangia pia kupunguza maji ya mkulima yule yule.

Bei za mazao hayo hupangwa katika masoko ya nje na hupanda na kushuka bila wakulima kuwa na kauli. Wakati huo huo, nchi huagiza sehemu kubwa ya chakula chake, hasa mchele. Pengo hilo huzibwa kwa kiasi kikubwa na fedha zinazotumwa na Wakomoro waishio ughaibuni, hususan Ufaransa, ambako mji wa Marseille una jamii kubwa ya Wakomoro. Fedha hizo huzidi kwa mbali mapato ya mauzo ya mazao nje. Husomesha watoto, hujenga nyumba na kugharimia ndoa kuu. Sarafu ya nchi, faranga ya Komoro, ina thamani isiyobadilika dhidi ya yuro, ambapo yuro moja ni sawa na faranga 491.96775. Mwezi Agosti 2024 Komoro ilijiunga na Shirika la Biashara Duniani.

Utawala

Miaka ya mwanzo ya uhuru iligubikwa na mapinduzi. Rais wa kwanza, Ahmed Abdallah, aliondolewa madarakani mwezi Agosti 1975, akarejeshwa mwaka 1978 kwa msaada wa mamluki walioongozwa na Mfaransa Bob Denard, na kuuawa mwaka 1989. Mwaka 1997 Nzuwani ilitangaza kujitenga, wakazi wake wakilalamika kwamba madaraka na rasilimali vimelundikwa Moroni.

Suluhu ilipatikana kwa Makubaliano ya Fomboni ya Februari 2001, yaliyozaa Katiba mpya mwezi Desemba mwaka huo. Katiba iliweka utaratibu wa urais kupokezana miongoni mwa visiwa vitatu na kuvipa visiwa mamlaka ya kujiendesha katika mambo kadhaa. Chini ya utaratibu huo, Azali Assoumani wa Ngazija aliongoza kuanzia mwaka 2002, akafuatiwa na Ahmed Abdallah Sambi wa Nzuwani mwaka 2006 na Ikililou Dhoinine wa Mwali mwaka 2011. Kwa mara ya kwanza, kila kisiwa kilikuwa kimetoa Rais kwa njia ya kura.

Azali alirejea madarakani mwaka 2016. Kura ya maoni ya Julai 2018 iliruhusu Rais kuongoza vipindi viwili mfululizo vya miaka mitano kabla ya zamu kuhamia kisiwa kingine. Mabadiliko hayo yalipingwa na vyama vya upinzani, na mwezi Oktoba 2018 mapigano yalitokea Mutsamudu. Azali alitangazwa mshindi katika uchaguzi wa mwaka 2019 na wa Januari 2024.

Suala la Maore

Katika kura ya maoni ya Desemba 1974, zaidi ya asilimia 90 ya wapiga kura wa funguvisiwa lote waliunga mkono uhuru, lakini walio wengi wa Maore waliukataa. Umoja wa Mataifa uliipokea Komoro mwezi Novemba 1975 kama nchi ya visiwa vinne. Ufaransa ilibaki Maore, na mwaka 2011 ikakifanya kuwa mkoa wake. Tangu mwaka 1995, Wakomoro wa visiwa vingine huhitaji viza kuingia huko. Wengi huvuka kwa mashua ndogo kutoka Nzuwani, umbali wa takriban kilomita 70, wakitafuta kazi, matibabu au ndugu zao, na watu wengi wamefariki dunia katika safari hizo. Bendera ya Komoro ina nyota nne na mistari minne, kwa idadi ya visiwa vyote.

Uhusiano na Tanzania

Uhusiano wa Komoro na Tanzania ni wa karne nyingi. Sayyid Ahmad bin Sumayt, mwanachuoni mzaliwa wa Ngazija, alikuwa kadhi Zanzibar hadi alipofariki mwaka 1925. Chama cha ukombozi cha MOLINACO kiliendesha harakati zake kutoka Dar es Salaam. Mwezi Machi 2008, wanajeshi wa Tanzania na Sudan, chini ya Umoja wa Afrika, waliisaidia Serikali ya Komoro kuirejesha Nzuwani katika mamlaka ya Umoja, baada ya Kanali Mohamed Bacar kukataa kuachia madaraka. Leo nchi hizi mbili ni wanachama wa Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika, na Wakomoro husafiri hadi Dar es Salaam kwa biashara, masomo na matibabu.